Mtani Hacheki

"Irudie," alisema Sajenti Kalunde Mihayo. Alikuwa amekwisha kuisikia mara nne.

Wakili wa Serikali, kijana aitwaye Pendael, akagusa kioo cha meza, na sauti ya Kalunde mwenyewe ikatoka ukutani, ya kike, kavu, haina hata chembe ya masihara. "Mwanamume huyu msimpe pole. Mke kamuua mwenyewe. Nimemwona kwa macho yangu haya mawili, asubuhi, anatia unga kwenye uji, anakoroga, anamnywesha. Mfungeni kabla hajaoa mwingine." Pakapita kimya cha pumzi moja, kisha makelele, na chini ya kioo yakaandikwa maneno: ghasia za umati.

Ghasia, eti. Kalunde alikuwapo, na kile kilikuwa kicheko cha watu sabini na kitu waliokaa mikekani uani kwa Shamte Ngayonga, kule Kambi Saba, siku ya kuanua matanga ya mkewe. Shamte mwenyewe alikuwa na siku tatu hajala wala hajafungua mdomo. Aliposikia maneno yale alicheka mpaka akajishika mbavu, kisha akalia kilio ambacho kilikuwa kimemkwama, kisha akauliza kama wali umebaki. Hiyo ndiyo kazi ya mtani msibani, na Kalunde aliifanya vizuri. Ndiyo balaa yenyewe.

"Alama tisini na saba," alisema Pendael. "Mimi sijawahi kuona tisini na saba."

Sasa, msomaji, usiyeishi Jiji la Mkole unahitaji kuelezwa hizo alama. Kila askari aliye kazini huvaa beji kwenye kola. Beji inasikiliza maneno ya yule aliyeivaa, inapima pumzi na mtetemo wa koo na mapigo ya damu shingoni, halafu inatoa alama kati ya mia: msemaji anamaanisha anachosema kwa kiasi gani. Raia hupimwa vivyo hivyo, kwa kipaza sauti cha kituoni. Neno la askari aliyeona kwa macho yake likipita tisini na tano, huo ni ushahidi kamili, unakwenda mahakamani wenyewe bila kalamu ya mtu. Mfumo una jina refu la kiserikali. Askari wanauita Shangazi, kwa sababu anasikia yote, hasahau, na huyatoa siku ya kikao.

Na ukiuliza nani aliyemtaka Shangazi, utacheka uchoke. Walimtaka Wadelta wenyewe. Bahari ilipoimeza delta yao walikuja mjini na magodoro kichwani, wakawekwa Kambi Saba, na miaka arobaini baadaye bado paliitwa kambi ingawa palikuwa na nyumba za matofali na vizazi vitatu vilivyozaliwa hapo. Enzi hizo askari aliandika alichotaka juu ya Mdelta, na akinunuliwa anakifuta. Wakaandamana mwaka mzima. Neno la askari lisiandikwe na askari, walisema, na likishatoka lisirudi. Wakapewa vyote viwili.

"Watu wote waliokuwa pale wamekwambia ni utani," alisema Kalunde.

"Sabini na tatu wamesema hivyo. Shangazi amewapa wastani wa sitini na moja."

"Sauti za Kambi Saba huwa anazipa sitini hata wakitaja majina yao."

"Halafu wametumia maneno yale yale, Sajenti. Ameandika kwamba wamepanga."

"Wamesema utani kwa sababu ni utani. Ulitaka waseme harusi?"

Pendael hakucheka. Hakuwa mtu mbaya. Alizaliwa kwenye maghorofa ya katikati ya mji, babu na bibi zake wanne walitoka pande nne za nchi, na hakuna aliyewahi kumwambia watani wake ni akina nani. Kalunde aliwahi kumweleza mara mbili: kwamba babu zake yeye, Wanyamwezi, walishuka pwani na misafara wakibeba mizigo, kwamba huko walizikana na watu wa pwani, Wadelta wakiwamo, na kwamba tangu hapo wao wana ruhusa ya kuambiana lolote, hasa penye maiti. Pendael aliandika yote. Shangazi akayapa jina la desturi isiyothibitishwa.

"Na kaburi?" Kalunde aliuliza, ingawa alijua.

"Tumelifukua. Dawa ya moyo, nyingi mwilini. Ukiizidisha ni sumu."

"Marehemu, Bi Havijawa, alikuwa akiinywa miaka sita. Alikuwa hawezi kumeza vidonge, mumewe akamsagia kwenye uji kila asubuhi. Mtaa mzima unajua. Ndipo nilipoutoa utani wenyewe."

"Kwa hiyo ni kweli ulimwona."

Ulimi umeponza kichwa, tena kichwa chenyewe si chake. Kalunde alimkumbuka bibi yake aliyemfundisha, yeye akiwa bado mtoto wa kubebwa, kwamba mtani hodari hacheki. Ukicheka wewe kwanza, umemnyima mwenzio. Basi Shangazi alitafuta kicheko kooni mwake, mahali ambapo watu wengine hukificha, na hakukiona.

"Unaweza kufuta," alisema Pendael, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na huruma. "Unakwenda mbele ya Jopo, unatamka kwamba ulisema uongo ukiwa kazini. Mzee Ngayonga anatoka siku hiyo hiyo. Lakini unajua kinachofuata."

Alijua. Askari aliyekiri uongo mmoja anakuwa shahidi aliyevunjika, na kila ushahidi uliosimama juu ya neno lake peke yake unaanguka. Miaka kumi na tisa ya kazi: kesi mia mbili na kumi na mbili. Nyingi zilikuwa za wezi wa nyaya waliokwisha kutumikia vifungo wakaenda zao. Moja ilikuwa ya Mrakibu Lwena.

Miaka tisa iliyopita, saa nne asubuhi, kwenye lango la maji la Kambi Saba, Mrakibu Lwena aliwapiga risasi vijana watatu waliokuwa kwenye foleni ya madumu. Kalunde alisimama hatua mbili kutoka kwake. Aliyasema yote palepale kwenye beji yake, akapewa tisini na tisa. Waliobaki walioona walikuwa Wadelta, na wao, kama kawaida, sitini. Lwena akafungwa miaka thelathini kwa neno la mtu mmoja. Tangu siku hiyo hakuna askari aliyekaa na Kalunde meza moja kula.

"Nipe mpaka Jumatatu," alisema.

*

Chumba cha mahabusu kilikuwa na masikio kila kona. Kalunde alisahau. Alipomwona Shamte amekaa kwenye benchi, amekonda kwa wiki tatu zile, mdomo wake ukajiendea wenyewe kama ulivyozoea. "Shikamoo, kizazi cha ma—"

Shamte akanyanyua kiganja. "Usinitanie humu."

Akakaa. Kwa miaka kumi na tisa watu hawa wawili hawakuwahi kuzungumza kwa adabu. Yeye alimwita Shamte kizazi cha mamba, Shamte akamwita mpagazi wangu, akamtuma mbele za watu ambebee pampu, maana alikuwa fundi pampu. Mambo yao yote mazito, vifo na magonjwa na kile kisa cha lango la maji, waliyapitisha humo humo kwenye matusi. Sasa matusi yameondolewa, na wakakaa kama wageni wawili waliokutana zahanati.

"Pampu ya mtaa wa tatu?" aliuliza Shamte.

"Inavuja."

"Ile wasilazimishe nati. Waweke mpira mpya."

"Nitawaambia."

Nje askari wa zamu alikuwa akijikohoza. Kalunde akasema alilokuja kulisema, kwamba Jumatatu atafuta.

"Usifute."

"Mzee, una miaka sitini na nane. Na kifua hicho. Utafia humu."

"Nitafia popote. Tulipotoka delta niliacha kaburi la mama yangu chini ya maji, nimeshajua kwamba mtu hachagui." Aliongea polepole, akipima kila neno kama mtu anayevuka daraja bovu. "Lwena akitoka, Bi Tatu aliyezika mwanawe atafanya nini? Mimi ndiye niliyemshika mkono kumpeleka mahakamani. Nikamwambia, safari hii serikali imetusikia."

"Kwa hiyo nikuache ufungwe kwa kumuua Havijawa. Watoto wako waitwe watoto wa muuaji."

Jina la mkewe lilimgonga. Alitazama chini, akasugua magoti. Alipoinua uso macho yalikuwa mekundu, na akasema kitu ambacho Kalunde hakukitarajia.

"Kalunde." Hakuwahi kumwita kwa jina. "Ungeweza kuivua ile beji mlangoni."

Alikuwa na majibu. Kwamba alikuwa zamu, kwamba kanuni hairuhusu, kwamba alipita msibani dakika ishirini tu na gari likimsubiri barabarani. Yote yalikuwa ya kweli, na hakuna hata moja lililokuwa jibu. "Nilisahau kama nimeivaa," alisema. "Nilijiona niko nyumbani."

"Sisi hatukusahau. Tuliiona ulipoingia tu. Tukatazamana." Shamte alivuta pumzi, kifua kikalia. "Mimi ndiye niliyesema, mwacheni, huyu ni wetu."

*

Bi Tatu Mbonde alikuwa kibarazani kwake akishona ukili wa mkeka, kama wanawake wengi wa Kambi Saba waliobaki na kazi ya mikono ya kwao baada ya mashamba ya mpunga kuzama. Kutoka hapo unaliona lango la maji. Mwanawe Idrisa alikuwa na miaka kumi na tisa siku ile, na alikuwa wa kwanza kwenye foleni kwa sababu mama yake alimwamsha mapema.

Alimsikiliza Kalunde mpaka mwisho bila kuinua macho kwenye mkeka. Kalunde alimweleza yote, fomu, Jopo, kesi mia mbili na kumi na mbili, na akamaliza kwa kusema kwamba amekuja kumuuliza.

"Kuniuliza nini?"

"Nifanye nini, mama."

Bi Tatu akaweka ukili chini. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, amechoka kwa namna ya watu walioeleza jambo moja kwa maofisa thelathini. "Wewe ni mtu wa ajabu," alisema. "Shamte ni kama kaka yangu. Idrisa nimemzaa. Unakuja hapa, unaketi kibarazani kwangu, unaniambia nichague mmoja?"

"Sikusema uchague."

"Ndicho ulichokisema. Nyie ndivyo mlivyo, siku zote. Mnatuletea mambo mkishayavunja, mnasema jamii ishirikishwe. Tukataka askari wasiandike uongo, mkatuletea mashine inayotusikia sote waongo. Tukishangaa mnasema si mliiomba?"

Kalunde alitamani Bi Tatu amtukane, maana tusi lina mahali pa kushika.

"Ukifuta sitakusamehe," alisema Bi Tatu. "Usipofuta, sitakusamehe vilevile. Haya, umeshajua. Nenda kafanye la kwako, ulibebe mwenyewe."

Akaurudia mkeka wake. Kalunde alikaa kidogo zaidi, kwa kutojua namna ya kuondoka, kisha akaondoka. Njiani alipita mtaa wa tatu akawaambia habari ya mpira wa pampu.

Usiniulize aliamuaje. Wapo watakaosema alipima uhai wa mtu mmoja dhidi ya haki ya watatu waliokufa. Kalunde hakuwa na mizani hiyo. Alichojua ni kwamba mzee yumo ndani kwa kinywa chake yeye, na wale watatu hawakufa kwa kinywa chake. Alijua pia kwamba hoja hiyo haitamtosha Bi Tatu, wala haikumtosha yeye.

*

Jumatatu, Jopo lilikuwa watu watatu na kipaza sauti kimoja. Pendael alikaa pembeni.

"Sajenti Mihayo," alisema mwenyekiti, "tamka."

"Maneno niliyoyasema nyumbani kwa Shamte Ngayonga yalikuwa uongo."

Taa ya njano. "Alama hamsini na nane," ilisoma sauti ya Shangazi, sauti ya kike yenye upole wa benki. "Haitoshi. Msemaji arudie."

Akarudia. Hamsini na tano. Akanywa maji, akarudia tena, kwa nguvu. Hamsini na moja. Wajumbe wakaanza kutazamana, na Kalunde akaelewa kinachotokea. Shangazi alikuwa sahihi. Ndani ya moyo wake hakuwahi kusema uongo. Bibi yake hakumfundisha uongo. Maneno yale yalikuwa pole, pole pekee ambayo Shamte angeweza kuimeza siku ile, na koo lake lilikataa kuyaita jina lingine.

"Kifungu kinaruhusu mara nne," alisema mwenyekiti. "Ya mwisho, Sajenti."

Alifumba macho. Akamfikiria Shamte katikati ya mikeka, kichwa chini. Akavuta pumzi kama alivyovuta siku ile kabla ya kuingia uani, akaulaza uso, akakilaza kifua, akakifukuza kicheko na kilio pamoja mpaka hapakubaki kitu, na akasema kavu, kama mtani hodari.

"Nilisema uongo. Hakuna utani kati yangu na watu wale. Mimi ni askari na wao ni Wadelta."

Taa ya kijani. "Alama tisini na nane," alisema Shangazi.

Kisha akaanza kusoma kesi zilizoanguka, moja moja, kwa namba na jina. Ilichukua karibu saa nzima. Ya mia moja na arobaini ilikuwa ya Lwena, ikasomwa kwa upole ule ule wa wezi wa nyaya. Mwenyekiti akamwomba Kalunde aivue beji. Ilikuwa imegandamana na kitambaa, ikatoka na nyuzi.

*

Siku ya pili yake, saa nane mchana, Kalunde alisimama nje ya gereza la mahabusu amevaa gauni la kitenge na sweta lake la kazi, maana upepo wa ukuta wa bahari ulikuwa mkali. Hakuwa peke yake. Chini ya ukuta, mbele kabisa ya mlango, Bi Tatu alikuwa ametandika mkeka na kuketi, chupa ya chai pembeni.

"Umekuja kumpokea mzee," alisema Kalunde.

"Yeye ana miguu. Mimi namngoja wa Ijumaa." Macho yake hayakuhama mlangoni. "Lwena naye anatokea hapa hapa. Nataka mtu wa kwanza kumwona awe mimi."

"Ijumaa ni siku tatu, mama."

"Nimengoja miaka tisa."

Hakumkaribisha mkekani. Kalunde alirudi akasimama palepale alipokuwa, juani, na wakangoja wote wawili bila kusemeshana.

Shamte alitoka na mfuko wa nailoni wenye shati na msahafu. Alisimama kidogo kuzoea mwanga. Kalunde akamwendea, akasema, "Shikamoo."

"Marahaba, Afande."

Alidhani hakusikia vizuri. Akaukaza uso, akauweka ule uso wa kazi, na akajaribu. "Kumbe hata jela imekutema, kizazi cha mamba. Wamesema unanuka matope, umewaharibia hewa."

Shamte alitazama kola ya lile sweta, mahali ambapo beji iliacha matundu mawili.

"Sina tena," alisema Kalunde haraka. "Wameichukua. Tazama, hakuna anayetusikia."

"Naona."

"Basi nijibu."

Mzee aliuhamisha mfuko mkono mwingine. Alionekana kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka kabatini zamani na hakumbuki rafu. Alitafuta kweli. Kalunde aliona midomo yake ikifanya umbo la neno mpagazi, na aliona neno lilivyokataa kutoka.

"Arobaini ya marehemu ni Alhamisi," alisema Shamte mwishowe.

"Nitakuja. Nitakuja nimsumbue shehe, nizuie sahani ya—"

"Tutasoma, tutakula, tutatawanyika. Watani tumewaambia wasije." Alisema bila chuki. "Vijana wamekataa. Wanasema leo askari, kesho nani? Mimi nimebishana nao mpaka nikachoka, humo ndani walipokuja kuniona. Siwezi kubishana tena."

"Na mimi?"

"Nashukuru kwa kunitoa, Afande. Mungu akulipe." Akainamisha kichwa kidogo, kwa heshima, namna watu wa Kambi Saba wanavyowainamishia askari barabarani ili wapite salama.

Kisha akampita. Akaenda ukutani, akavua viatu, akaketi kwenye mkeka karibu na Bi Tatu, na Bi Tatu akasogeza chupa ya chai kumpa nafasi. Wote wawili wakageuza nyuso kuelekea mlangoni.

Kalunde akabaki amesimama juani, mikono imening'inia, akingoja mmoja wao amtukane. Hakuna aliyemtukana.